Jino Lisilouma

Nyumba ya fundi Selemani, pale Ng'ambo mjini Tabora, haikuhitaji saa ya kuamshia watu. Ilikuwa na Bibi Mwamvita. Adhana ya alfajiri ikiisha tu, Bibi alikuwa ameshaswali, ameshakohoa, na ameshaanza kuuliza ni nani bado amelala kama mzigo uliosahaulika njiani. Hapo mjukuu wake Mwanne huamka, akafagia uwanja, kisha akachukua ndoo kwenda bombani pamoja na binamu yake Tatu. Wakirudi, huchukua vijiti vyao vya mswaki na kuchuchumaa kando ya ukuta, wakasafisha meno kabla ya chai na shule.

Hapo kando ya ukuta ndipo wasichana hawa wawili walipotofautiana. Mwanne, mwenye miaka kumi na mmoja, alisugua meno yake moja moja, mbele na nyuma, kama mtu anayesugua sufuria aliyoazimwa na mkwe. Msidhani alikuwa na usafi wa kupindukia. Aliogopa tu! Meno yake yaliuma kwa jambo dogo: maji ya baridi ya mwezi wa Juni, embe bichi, hata upepo akicheka sana. Tatu, aliyemzidi mwaka mmoja, alipitisha kijiti kushoto, akapitisha kulia, akatema mate, kazi kwisha.

"Umeshamaliza?" Mwanne aliuliza.

"Meno ni mifupa, bwana. Unayabembeleza ya nini?"

Bibi alikuwa mlangoni akisikiliza. Akacheka. "Mwache huyo, Tatu. Amefuata upande wa mama yake."

Maneno hayo yalimchoma Mwanne kuliko maji ya baridi. Mama yake, Mwanajuma, alikuwa pale pale jikoni akikoroga chai. Aliinamisha kichwa akaendelea kukoroga.

Sasa, ili muelewe kwa nini maneno hayo yalichoma, sharti niwaeleze desturi ya nyumba ile. Baba yake Bibi Mwamvita alikuwa kirangozi, yaani mtu wa mbele katika msafara wa wapagazi, mshika bendera, aliyewaongoza wenzake kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu, mizigo mabegani. Bibi mwenyewe alizaliwa Puge, na alipokuwa msichana alichongwa meno mawili ya mbele kwa chuma, kama walivyofanya wengi zamani, ili apate mwanya wa urembo. Wenzake walishikwa mikono na miguu wakipiga mayowe. Yeye alikaa kimya. Tangu siku hiyo akawa na msemo wake: damu ya wapagazi hailii. Akaanzisha na sheria: mtoto wa nyumba ile akitikisika jino, Bibi hulifunga uzi na kulivuta. Asiyelia hupewa kibuyu cha asali ya Usinge achovye vidole mpaka atosheke. Anayelia hupewa maji ya kusukutua.

Mwanne alikuwa amekunywa maji mengi ya kusukutua. Jino lake la kwanza lilipong'olewa, alipiga ukelele mkubwa hata majirani wawili wakaja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Shuleni wakampa jina la King'ora. Hata hivyo Bibi alimpenda. Mwanne alikuwa mjukuu wake pekee pale mjini, na kila siku walilala kitanda kimoja, Bibi akimfundisha nyimbo na wito wa wapagazi. Mtoto akawa anazijua zote.

Ndipo akaja Tatu. Huyu alikuwa binti wa shangazi yake Mwanne aliyeolewa Choma. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1974 wazazi wake walihamia kijiji cha ujamaa. Shule ya kijiji ilikuwa haijafika darasa la tano, basi shangazi akamleta Tatu kwa kaka yake mjini. Wiki ya pili tu, jino lake likatikisika. Bibi akafunga uzi, akavuta. Tatu wakati huo alikuwa akihesabu kuku wa jirani.

"Kumi na mmoja," akasema. "Bibi, mbona huvuti?"

Bibi akamwonyesha jino likining'inia kwenye uzi.

"Mayo wane, mama yangu!" Bibi akapiga kelele za furaha, mikono kichwani. "Selemani, njoo uone! Hii ndiyo damu yangu! Nimengoja miaka yote hii!"

Siku hiyo Tatu alikula asali mpaka kidevu kikang'aa. Na haikuwa siku hiyo tu. Bibi alimfungulia kibuyu kila jioni, kabla ya kulala, na Tatu akaenda kitandani na utamu wake mdomoni. Kitanda chenyewe kilikuwa kile kile cha Bibi. Mwanne alitandikiwa mkeka chumba cha pili, eti kitanda hakitoshi watatu. Alilala akitazama ukuta, akiwasikia wale wawili wakicheka upande wa pili, na wivu ukamkaa kifuani. Alimwonea Tatu wivu kwa kila kitu: kwa kitanda, kwa asali, kwa nyimbo alizofundishwa ambazo zilikuwa zake Mwanne, hata kwa namna Bibi alivyotamka jina lake.

Mwezi wa Juni Mwalimu Elieza aliwakusanya wanafunzi uwanjani. Alikuwa mwalimu mwembamba mwenye sauti nene, na kila alichokitaka alikitaka leo.

"Saba Saba ya mwaka huu chama kinatimiza miaka ishirini," akasema. "Shule yetu itaonyesha msafara wa wapagazi mbele ya wananchi wote. Nahitaji kirangozi. Awe mvulana, awe msichana, mimi sijali. Nataka mtu asiyenung'unika!"

Moyo wa Mwanne ulipiga kwa nguvu. Nani mwingine shule nzima, ukimwacha Tatu, alikuwa na babu mkubwa aliyekuwa kirangozi wa kweli? Nani aliyejua miito yote? Alijiona yuko mbele na bendera, na Bibi yuko pembeni mwa uwanja akiwaambia watu: yule pale, yule ni damu yangu. Hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyotaka kile.

Majaribio yalikuwa kubeba kifuko cha mchanga begani na kuzunguka uwanja pekupeku. Mwanne alitoka mbele, akiita wito kwa sauti nzuri, na Mwalimu akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Walipofika kona yenye mbigili, mguu wake ukatua kwenye miiba. Aliruka, akapiga ukelele, mchanga ukamwagika.

"King'ora!" wakaitikia watoto, wakifa kwa kicheko.

Tatu alipita kwenye mbigili zile zile kama anayepita sebuleni. Alimaliza mizunguko miwili, akakaa chini na kuanza kung'oa miiba nyayoni huku akipiga soga. Hakujua hata wito mmoja mpaka mwisho, lakini Mwalimu Elieza alikuwa ameshaamua.

"Tatu ndiye kirangozi. Mwanne, utamfundisha wito. Na ikitokea dharura, bendera utashika wewe."

Haya, fikirieni wenyewe. Kunyang'anywa kitu ni jambo moja. Kuambiwa umfundishe aliyekunyang'anya ni jambo lingine kabisa. Mwanne alimfundisha, ndiyo, kwa meno yaliyokazwa, na kila siku akawa anarudia rohoni lile neno la Mwalimu: ikitokea dharura.

Ijumaa moja, wiki mbili na siku chache kabla ya Saba Saba, wasichana hao walikuwa uwanjani wakisukana nywele. Tatu akachukua kipande cha kioo, akajaribu kujitazama mdomoni, akashindwa.

"Mwanne, hebu nitazamie. Nasikia ladha mbaya kinywani, kama chuma. Huku chini, mwisho."

Mwanne akamgeuza kwenye mwanga. Gego la chini lilikuwa na shimo jeusi ambalo ungeweza kulitia punje ya mtama. Pembeni yake ufizi ulikuwa umevimba kijipu, na alipougusa kwa kijiti, usaha ukatoka. Mwanne alirudi nyuma. Yeye mwenyewe shimo kama lile lingemlaza chini akigaagaa siku tatu.

"Haliumi?"

"Hata! Mdomo mzito kidogo tu. Umeona nini?"

Mwanne alijua alichokiona. Walishafundishwa shuleni kwamba jino lenye usaha ni la kwenda hospitali, na haraka. Lakini hapo hapo alimkumbuka kirangozi na bendera yake. Akasema, na sauti yake ilitoka nyepesi hata yeye akashangaa, "Hamna kitu. Limeingia uchafu tu. Sukutua na maji ya chumvi."

"Ahsante, ndugu yangu," Tatu akasema, akakaa vizuri ili asukwe.

Siku zikapita. Tatu alisukutua maji ya chumvi kama alivyoambiwa, maskini, asubuhi na jioni. Mwanne alimchungulia kila siku akiwa na mambo mawili moyoni: alitamani uvimbe ukue, na aliogopa usije ukakua. Ulikua. Kwanza shavu likajaa kidogo, kama mtu aliyeweka ubuyu mdomoni. Kisha Tatu akaanza kutafuna upande mmoja. Bibi alipomuuliza, alisema haumwi.

Jumatano, siku nne kabla ya Saba Saba, walipokuwa katika mazoezi, Tatu alianza kutetemeka juani. Bendera ikayumba, akapiga magoti. Mwalimu Elieza alimshika paji la uso, akaondoa mkono upesi.

"Huyu ana homa kali! Ninyi wawili mpelekeni nyumbani. Mwanne, shika bendera."

Ikawa. Mwanne alishika mti wa bendera, akaita wito wa kwanza, na watoto arobaini nyuma yake wakaitikia kwa kishindo. Aliongoza vizuri. Mwalimu alipiga makofi. Furaha aliyoingoja kwa majuma mazima ilikuja, lakini ilikuwa kama wali wenye mchanga, kila akitafuna anasikia kitu. Kwenye mzunguko wa pili aligeuza macho njiani, akamwona Tatu akikokotwa na wasichana wawili, kichwa kimeinama.

Nyumbani alimkuta Tatu amelala kitandani kwa Bibi, shavu lote limepakwa masizi meusi, kichwa kimefungwa kanga.

"Matubwitubwi," Bibi akatangaza. "Nimeyaona mengi. Masizi siku tatu, asitoke nje, yatanywea."

Mama yake Mwanne alisimama mlangoni akifuta mikono. "Mama, tusimpeleke hospitali? Uvimbe uko upande mmoja. Isije ikawa jino."

"Jino!" Bibi akaguna. "Jino gani lisilouma, Mwanajuma? Mtoto mwenyewe anasema haumwi. Lingekuwa jino, tungekuwa hatujalala nyumba nzima, kama tulivyokeshwa na mwanao. Au umesahau?"

Mama akanyamaza. Mwanne naye akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye alijua. Angesema neno moja, masizi yangefutwa. Lakini angesema, wangemuuliza: ulijua tangu lini? Basi akaenda zake kuosha vyombo, akaviosha mara mbili.

Alhamisi alirudi kutoka shuleni alasiri, akakuta chumba kimejaa harufu nzito. Uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka chini ya kidevu na shingo imekakamaa. Uji ulikuwa kando, haujapungua. Tatu hakuweza kuumeza. Mate yalimtoka pembeni ya mdomo, na alipopumua alikoroma kidogo.

"Umeongoza?" akauliza. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakatoka yamefungana.

"Ndiyo."

"Upepo ukivuma, mti wa bendera ubane kwa kiwiko. Mimi ulikuwa unanishinda." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nafurahi ni wewe, Mwanne. Wito wako mzuri kuliko wangu. Mimi nilimwambia Mwalimu tangu siku ile akuchague wewe, akakataa."

Aliyemwonea wivu miezi yote ile alikuwa amemwombea mema! Mwanne alitazama ile shingo iliyovimba, akasikia ile pumzi inayokoroma, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa uzi wa Bibi. Alitoka mbio mpaka jikoni.

"Si matubwitubwi!" alilia. "Mama! Bibi! Si matubwitubwi, ni jino!"

"Nani kakwambia?" Bibi akauliza.

"Nililiona! Alinionyesha, siku nyingi zimepita. Lina shimo, na ufizi ulikuwa na usaha. Nikamwambia hamna kitu."

"Kwa nini umwambie hivyo?" Mama aliuliza polepole.

"Nilitaka bendera."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Bibi alimtazama kama mtu asiyemjua, kisha Mama akachupa chumbani, akamfunika Tatu kanga, akamtuma Mwanne karakanani kumwita baba yake. Fundi Selemani aliacha koroboi alizokuwa akitengeneza juu ya jiwe, akampakia Tatu kwenye baiskeli, Mama akimshikilia kwa nyuma, wakaenda hospitali karibu wakimbie. Bibi na Mwanne walifuata kwa miguu.

Mganga wa meno aliitwa Bwana Yoramu, mtu mfupi mwenye mikono mipana, mikono ya shati imekunjwa. Hakuuliza mengi. Alifuta masizi, akatazama, akaita msaidizi. Alipasua jipu, akatoa usaha, kisha akaling'oa lile gego. Tatu alikaa ametulia, macho wazi. Waliyemshika, nje ya mlango, ni Mama, maana ni yeye aliyekaribia kuzirai.

Bwana Yoramu alipotoka alikuwa ameloa jasho. "Atalala hapa, atapigwa sindano za penisilini. Atapona, Mungu akipenda. Lakini mngengoja mpaka kesho, uvimbe ungemziba koo. Nani alisema ni jino?"

"Huyu," Bibi akasema, akimwonyesha Mwanne.

Siku ya pili walirudi kumwona. Tatu alikuwa amekaa kitandani, anakunywa uji. Bwana Yoramu akawaita chumbani kwake, akamkalisha Bibi kwenye benchi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali. Mjukuu wako jana hakutikisika. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na watu wa namna hiyo si wengi. Kwenu yuko mwingine asiyesikia sana maumivu ya meno?"

Bibi akafungua mdomo, akamwonyesha mwanya wake. Mwanne naye aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba nyuma ya ule mwanya hapakuwa na magego hata moja.

"Nimesifiwa miaka zaidi ya sitini kwa meno haya," Bibi akasema. "Waliponichonga, wenzangu walilia, mimi nikanyamaza. Watu wakasema shujaa. Nami nikakubali. Nani hukataa sifa? Lakini kweli yenyewe ni hii: sikuumia. Nilisikia chuma kikigonga, basi. Na haya ya nyuma yaliniozea yote bila kunipigia hodi. Baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Alikufa amevimba shavu. Tukasema karogwa."

Mwanne alimtazama Bibi yake kama anamwona upya.

"Hukuwa mwongo, Bibi. Hukujua," Bwana Yoramu akasema kwa upole. "Sikilizeni. Maumivu ni kama balozi wa nyumba kumi. Kazi yake ni kuleta habari. Kuna balozi anayepiga kelele mtaa mzima kwa kuku aliyepotea, na kuna balozi mpole, nyumba inaungua yeye anabisha kwa kidole kimoja. Hakuna mtoto aliyejichagulia balozi wake. Tunazaliwa nao. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, lakini inaonekana tunarithi kwa wazazi wetu kama tunavyorithi pua na kimo. Tena si urithi peke yake, hofu nayo huongeza. Tatu amechukua kwako. Huyu mwingine je?"

"Huyo amechukua kwangu," Mama akajibu. Safari hii hakuinamisha kichwa mbele ya Bibi. "Mimi siku niliyong'olewa jino, ganzi ya kwanza haikunishika. Nikasema nasikia, wakaniambia nina deko. Wakang'oa hivyo hivyo. Na mwaka uliofuata nilirudi mwenyewe kung'oa jingine."

"Ulirudi?" Bibi akamgeukia.

"Lilikuwa limeoza, Mama. Ningefanyaje?"

Bwana Yoramu akamwambia Mwanne akae kitini, akamkagua. Palikuwa na shimo dogo, la kuzibwa. Alimpiga sindano ya ganzi, akangoja, akagusa. Mwanne akasema bado anasikia. Bwana Yoramu hakucheka wala hakuguna. Alimpiga nyingine, akangoja tena. Mwanne alilia wakati wote, machozi yakimwingia masikioni, lakini mdomo hakuufunga hata mara moja.

Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mwalimu Elieza, akampa shikamoo, akamweleza yote tangu kipande cha kioo mpaka masizi. Alisema bendera si yake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umechelewa kusema kweli," akamwambia, "na kuchelewa huko nusura kumuue mtu. Lakini umesema kabla sijakuuliza, na hilo nimeliona. Bendera atashika Shilinde wa darasa la sita. Wewe utabeba mzigo, nyuma kabisa."

Siku ya Saba Saba Mwanne alibeba mzigo wake nyuma kabisa, kwenye vumbi la wenzake arobaini. Alikanyaga mbigili, akasema "Aa!" na kuendelea kutembea. Ukitaka kujua kama iliuma kumwona Shilinde mbele, iliuma, tena sana.

Tatu alirudi nyumbani Jumanne. Mwanne hakusubiri mtu mwingine amwambie.

"Siku ile uliliona?" Tatu akauliza.

"Nililiona."

"Ukaninyamazia, kwa ajili ya kipande cha kitambaa?"

"Ndiyo. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

Tatu aligeuka ukutani. Siku mbili hakumsemesha, akaenda bombani peke yake, na Mwanne hakulalamika. Siku ya tatu asubuhi, Mwanne akiwa amechuchumaa na mswaki wake, Tatu akaja akakaa mbele yake na kupanua mdomo.

"Mimi jino langu haliniambii kitu," akasema. "Basi utaniambia wewe. Kila Ijumaa unanitazama, na ole wako unidanganye tena! Haya, umeona nini?"

Mwanne akamgeuza kwenye mwanga, akatazama kwa makini, upande huu na upande ule. "Gego la juu, kulia. Lina doa jeusi."

"Kubwa?"

"Dogo. Lakini leo leo tunakwenda kwa Bwana Yoramu."

Tatu aliguna, kisha akacheka, akampiga kikofi begani. Bibi alikuwa mlangoni akiwatazama. Alikuwa na kibuyu cha asali mkononi. Alimkabidhi mama yake Mwanne.

"Chukua, Mwanajuma. Iwe ya chai ya watu wote, na watoto wasafishe vinywa baada yake. Ile sheria yangu imekwisha." Akakaa kizingitini, akavuta pumzi. "Na wewe mwanangu unisamehe. Nilikusema mbele ya mtoto wako kwa kuwa ulilia. Kumbe mimi niliyenyamaza sikuwa na cha kuniliza, na wewe uliyeumia ndiye uliyerudi kitini kwa miguu yako."

"Yamekwisha, Mama," Mwanajuma akajibu, na macho yalimlowa.

Kisha Bibi akawageukia wasichana.

"Wazee walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Na anayeficha maradhi ya mwenzake je? Huyo hawakumtungia methali, nadhani waliona aibu. Mwanne, wivu wako ulikufunga mdomo. Sifa zangu nami zilinifunga macho, na kati yetu sote wawili tulikuwa tunamzika mtoto. Basi tushike hili: mwili haushindaniwi, kila mtu kapewa wake. Anayesema anaumwa, asikilizwe. Na anayesema haumwi, atazamwe."